Jumuiya Isiyo na Wodi: Nusu Karne ya ECSA-HC na Uhai wa Mama na Mtoto

Mwaka 2024 Jumuiya ya Afya ya Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake ECSA-HC, ilitimiza miaka 50. Makao makuu yake yako jijini Arusha, eneo la Oloirien, kando ya Barabara ya Njiro. Watu wa Njiro hupita hapo asubuhi na jioni bila kujua ndani kunafanyika nini, wala hawastahili lawama. Hapana foleni ya kliniki, hapana gari la wagonjwa linaloingia kwa king'ora, na hakuna kichanga kinachotarajiwa kulia ndani ya ofisi zile. Mjamzito wa jijini hujifungulia Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Kituo cha Afya Kaloleni au Levolosi, Mtakatifu Elizabeth au hospitali ya Walutheri, ALMC. Wa vijijini huenda Selian kule Ngaramtoni, Tengeru, au hupanda Nkoaranga kwenye miteremko ya mlima.

Hata hivyo, sehemu ya yale yanayomkuta mama huyo akishapanda kitanda cha kujifungulia imepita mikononi mwa watu wa taasisi hii: viwango vya kazi ya mkunga, mafunzo ya daktari bingwa, hata kilichomo ndani ya unga aliokula wiki za kwanza za ujauzito. Historia ya ECSA-HC ni ndefu na ina matawi mengi, kuanzia maabara za afya ya jamii hadi udhibiti wa magonjwa ya mlipuko. Makala haya yanafuata tawi moja tu, la mama na mtoto mchanga, na kuuliza kazi ya nusu karne imefika umbali gani kutoka Oloirien.

Miaka ya mwanzo

Jumuiya ilianzishwa mwaka 1974 chini ya mwavuli wa Sekretarieti ya Jumuiya ya Madola. Nchi nyingi za ukanda huu zilikuwa na umri wa miaka kumi hivi tangu uhuru. Madaktari walikuwa wachache mno, na wakunga waliosomea walikuwa mijini. Tanzania, ikiwa bado na joto la Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa inajenga zahanati vijijini, na ilikuwa imeanza kuiweka afya ya mama na mtoto kuwa huduma ya kila siku badala ya jambo la hospitali kubwa pekee. Kila nchi ilijikuta na tatizo lilelile: wataalamu wake hawakutosha kuandaa mitaala, kutunga mitihani, kufanya utafiti na wakati huohuo kutibu wagonjwa. Kwa pamoja, pengine wangetosha.

Miaka mitatu baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Namanga ukafungwa, na malori yaliyokuwa yakipita Longido kwenda Nairobi yakasimama hadi 1983. Wakazi wa Arusha wanaoikumbuka miaka ile wanajua mji ulivyopoa: majengo ya mikutano yalibaki, wenyewe wakaondoka. Lakini ushirikiano wa afya haukuvunjika pamoja na ule wa reli, posta na ndege. Mwaka 1980 nchi wanachama ziliichukua jumuiya hiyo kutoka mikono ya Sekretarieti ya Madola na kuiendesha zenyewe. Leo wanachama ni tisa: Eswatini, Kenya, Lesotho, Malawi, Mauritius, Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Chombo chake cha juu ni mkutano wa mawaziri wa afya, na kinachotoka kwenye mkutano huo huitwa azimio. Kwa mji uliozoea maazimio, neno hilo halishangazi mtu. Kazi huanza siku ya pili yake.

Karatasi iliyotoka Harare

Sababu ya kuwa na taasisi ya namna hii huonekana vizuri zaidi katika karatasi moja iliyomo karibu kila chumba cha kujifungulia.

Mwaka 1972, miaka miwili kabla ya jumuiya kuzaliwa, madaktari R. H. Philpott na W. M. Castle walichapisha kazi waliyoifanya katika mji ambao leo ni Harare. Wakunga wa kliniki za pembeni walikuwa wanabaki na wajawazito wenye uchungu pingamizi hadi muda wa kuokoa unapita. Walihitaji kitu cha kuwaambia, bila daktari kuwapo, kwamba sasa ni wakati wa kumpeleka mama hospitali. Madaktari hao wakachora grafu yenye mistari miwili ya mshazari: wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Ndiyo patografu.

Mkunga anayeijua huitumia hivi. Kila nusu saa husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kutia nukta. Hupima uchungu: unakuja mara ngapi ndani ya dakika kumi, na kila mmoja unadumu sekunde ngapi. Kila saa nne hupima mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, na hapo huweka alama ya mkasi. Mlango ukifunguka sentimita moja kwa saa au zaidi, alama hubaki kushoto mwa mstari wa tahadhari na mambo ni salama. Alama ikivuka kwenda kulia, aliyeko zahanati anatakiwa kuita gari. Mstari wa pili uko saa nne mbele. Alama ikifika huo, uamuzi hauahirishwi tena.

Shirika la Afya Duniani liliijaribu karatasi hiyo kwa wanawake 35,484 huko Indonesia, Malaysia na Thailand, na matokeo yakachapishwa 1994: uchungu wa muda mrefu ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Dunia nzima ikaipokea. Maarifa yaliyozaliwa kwetu, kwa shida yetu, yalipita Asia ndipo yakaturudia yakiwa na muhuri wa kimataifa. Wakati huohuo kulikuwa na wodi katika nchi jirani ambazo hazikuwa zimeiona karatasi yenyewe, na nyingine ambako hadi leo hujazwa mtoto akishazaliwa, ili faili lionekane limekamilika.

Wameru na Wachaga wanaomwagilia mashamba kwa mifereji wanaijua hali hii. Maji mlimani yapo. Mfereji usipozibuliwa na kila kaya unakopita, wa chini hukauka huku wa juu akinywesha migomba. Kazi ya ECSA-HC tangu mwanzo imekuwa hiyo ya kuzibua mfereji.

Nairobi, wakunga, na kitabu cha 1995

Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliandika katika jarida la *Lancet* wakiuliza mama yuko wapi katika huduma zilizoitwa za mama na mtoto. Swali lilichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Kliniki zilikuwa hodari kwa chanjo, mizani na kadi ya mtoto, ilhali mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aliachiwa Mungu. Februari 1987 mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi ulizindua mpango wa uzazi salama, na tangu hapo vifo vya akina mama vikawa na kiti chao kwenye meza za mawaziri wa ukanda huu.

Hatua iliyofuata iliwagusa wanaobeba mzigo wenyewe. Mwaka 1990 kilianzishwa chuo cha uuguzi cha ukanda, ECSACON, kuwa chombo cha kitaaluma cha wauguzi na wakunga wa nchi wanachama. Katika sehemu kubwa ya ukanda huu, anayempokea mtoto ni muuguzi mkunga, mara nyingi peke yake, usiku, akiwa na wodi nyingine ya kuangalia. Swali la nani anaruhusiwa kufanya nini si la makaratasi kwake. Je, aruhusiwe kuchoma sindano ya kwanza ya magnesiamu salfeti mama anapopata kifafa cha mimba? Aruhusiwe kuondoa kondo la nyuma kwa mkono? Nchi ikimfungia mkunga mambo hayo, inamwamuru asubiri daktari ambaye hayupo. Kuwa na viwango vinavyozungumzwa kwa pamoja kuliwapa viongozi wa uuguzi wa kila nchi hoja ya kupeleka wizarani: jirani yetu anafanya, na wanawake wake hawajadhurika.

Katika muongo huohuo taasisi iligusa jambo ambalo wengi walipenda lisitajwe. Mwaka 1995 ilichapisha, hapa Arusha, kitabu kuhusu madhara ya utoaji mimba usio salama barani, na Dk. Stephen Kinoti alikuwa mwandishi wake wa kwanza. Kilikusanya tafiti zilizokuwa zimetawanyika kwenye maktaba za nchi mbalimbali na kuonyesha kile ambacho wauguzi wa wodi za wanawake walikijua siku zote: vitanda vilijaa wasichana na akina mama waliofika na maambukizi na upungufu mkubwa wa damu, wakiwa wamechelewa. Kitabu hakikuingia kwenye ubishi wa dini na sheria. Kilitaka anayefika akiwa anavuja damu atibiwe. Huduma baada ya mimba kuharibika, ambayo leo ni sehemu ya kawaida ya mafunzo ya watoa huduma, ina deni kwa kazi za namna hiyo.

Miaka ya 1990 uongozi wa sekretarieti ulikuwa pia mikononi mwa Mtanzania, Dk. Winnie Mpanju-Shumbusho, daktari wa watoto, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu kabla ya kwenda Shirika la Afya Duniani mwaka 1999. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina la Madola liliondolewa, na jumuiya ikaanza kuitwa kama tunavyoiita leo.

Kilichomo kwenye unga

Si kila linalomwokoa mtoto hutokea wodini. Mfupa wa mgongo wa mtoto na ubongo wake huanza kujifunga katika wiki nne za kwanza za ujauzito, wakati wanawake wengi hawajajua kama wamebeba mimba. Mwili wa mama ukikosa asidi ya foliki, kujifunga huko kunaweza kuharibika, na mtoto akazaliwa na mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kikubwa. Vidonge vya kliniki humkuta mama amechelewa, kwa sababu wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano.

Dawa ni kuweka kirutubishi mahali ambapo kila mtu atakikuta. Katika miaka ya 2000 ECSA-HC ilisimamia mpango wa ukanda wa urutubishaji wa vyakula na kuandaa miongozo ya kiwandani na ya ukaguzi: madini ya chuma na asidi ya foliki kwenye unga wa ngano na mahindi, vitamini A kwenye mafuta ya kula na sukari, madini joto kwenye chumvi. Kuwa na viwango vinavyofanana kulikuwa na faida ya kibiashara pia, kwani unga na mafuta huvuka mipaka. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011.

Hapa ndipo miteremko ya Meru inapoionyesha sera mpaka wake. Anayenunua mkate au unga wa kiwandani dukani Kaloleni anafikiwa. Mama wa King'ori au Ngarenanyuki, ambaye mahindi yake yanatoka shambani, yanasagwa kwenye mashine ya kijijini, na chakula chake ni ndizi, makande na loshoro, mpango huo unampita. Mashine ndogo za kusaga ziko nyingi, na wenyewe hawana mtaji wa kifaa cha kuchanganyia virutubishi wala soko la kuvinunua. Miongozo ya kiwanda kikubwa ilikuwa sehemu rahisi. Ya mashine ya kijiji bado inadai kazi.

Vyuo visivyo na kuta

Mama anayehitaji kupasuliwa hasaidiwi na karatasi wala unga. Anahitaji mkono uliofundishwa. Tanzania ilijibu hitaji hilo mapema kwa madaktari wasaidizi, kada iliyoanza kufunzwa miaka ya 1960. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 ulionyesha kuwa kada hiyo ndiyo iliyofanya asilimia 85 ya upasuaji wa kujifungua katika mikoa hiyo. Lakini fistula, mfuko wa uzazi uliopasuka na mimba zenye matatizo makubwa vinahitaji mabingwa, na mabingwa walisomeshwa katika vyuo vikuu vichache vyenye nafasi chache.

Desemba 1999 kilizaliwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, ambacho makao yake yako hapohapo Arusha. Utaratibu wake ni wa chuo kisicho na kuta: daktari hahamii chuo kikuu, bali hufundishwa kazini katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, kisha hukutana na wenzake wa nchi nyingine kwenye mtihani mmoja unaofanyika mwisho wa mwaka. Mwaka 2017 utaratibu huo ulifika kwa mabingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake, kilipozinduliwa chuo chao, ECSACOG. Faida yake haiko kwenye cheti tu. Daktari anayesomea katika hospitali ya mkoa huitumikia hospitali hiyo katika miaka yote ya masomo, na mazoea aliyojenga pale humfanya awe mgumu zaidi kuhama.

Dakika ya dhahabu

Mtoto mchanga alichelewa kupata wa kumsemea. Kwa miaka mingi aliyezaliwa bila kulia aliandikwa amefia tumboni, jambo likaishia hapo. Katika mkoa ambao hadi 2002 ulikuwa sehemu ya Arusha, Manyara, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilikuwa miongoni mwa mahali palipobadilisha mtazamo huo.

Kuanzia 2009 Tanzania iliyajaribu mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua katika hospitali nane. Vifaa ni vichache: kitambaa kikavu, kifaa cha kunyonya ute, mfuko na barakoa ya kupulizia hewa, pamoja na mwanasesere wa kufanyia mazoezi. Mkunga hufundishwa kumkausha mtoto kwa nguvu na kumsugua mgongo. Asipolia, amwanzishie hewa kwa mfuko kabla ya dakika moja kwisha, dakika ambayo mafunzo yanaiita ya dhahabu. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47, na idadi ya waliozaliwa wafu wakiwa wamekufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa ikashuka kwa asilimia 24. Maana yake ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai.

Haydom haikuishia hapo. Iligundulika kuwa mafunzo ya siku moja husahaulika, na kinachodumu ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, yakifuatana na takwimu ambazo wakunga wenyewe wanazisoma. Mpango ulioongozwa na hospitali hiyo katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukiwa na kifaa cha kusikiliza mapigo ya mtoto kilichoitwa Moyo, uliwafuatilia akina mama na watoto wapatao 300,000. Matokeo yake yalitoka 2025: vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kwa asilimia 18, vya akina mama kwa asilimia 75. ECSA-HC huitisha jukwaa la mbinu bora kabla ya mawaziri kukutana, na matunda kama haya ndiyo yanayostahili kufika huko upesi, yasizunguke tena kama patografu.

Mizani ya miaka 50

Takwimu za nchi zinaruhusu shangwe, ila ya kiasi. Mwaka 1999 chini ya nusu ya wanawake wa Tanzania walijifungulia kituoni. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Vifo vya uzazi, ambavyo utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliviweka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vilikuwa 104 katika utafiti wa 2022. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yako juu ya hapo, lakini nayo yanaonyesha kushuka. Kwa watoto wachanga hali ni nyingine. Kutoka vifo 40 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999, tulifika 25 katika utafiti wa 2015–16, na 2022 vilikuwa 24. Ndani ya miaka saba hivi mstari karibu haukusogea.

Maana yake ni kwamba tumefaulu kumfikisha mama kituoni kuliko kumhudumia mtoto akishafika. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, humpatia mama mwenye dharura gari la wagonjwa au dereva jamii bila malipo, hata masika njia za Ngarenanyuki zinapokuwa tope. Lakini njiti wa kilo moja na nusu anayefikishwa hospitali usiku anahitaji hewa ya oksijeni iliyopimwa, joto, maziwa ya mama kwa mrija na muuguzi asiyepewa watoto ishirini. Utafiti uliojumuisha Muhimbili na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa kumweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama tangu mwanzo, hata kabla hajatulia, hupunguza vifo kwa asilimia 25. Hilo linataka kitanda cha mama kiwe ndani ya chumba cha watoto wagonjwa. Hospitali nyingi zilijengwa mama akae huku na mtoto kule, na kuta hizo haziondolewi kwa semina.

Lipo pia suala la fedha. Kazi nyingi za jumuiya, kuanzia kitabu cha 1995 hadi miradi ya karibuni, ziligharimiwa na wafadhili, Marekani ikiwa mstari wa mbele. Mwaka 2025 shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa. Dk. Ntuli Kapologwe, Mtanzania aliyepokea uongozi wa sekretarieti kutoka kwa Profesa Yoswa Dambisya wa Uganda, ameukuta wakati ambao nchi tisa zinaulizwa swali lililoahirishwa tangu 1980. Kuimiliki jumuiya kwa saini kulifanyika mwaka ule. Kuimiliki kwa michango inayolipwa kwa wakati, katika bajeti zinazopitishwa Dodoma, Nairobi, Lusaka na kwingineko, ndiko kutakakoamua kama viwango vya wakunga vitapitiwa upya, kama mabingwa wataendelea kufundishwa hospitali za mikoani, na kama yaliyothibitishwa Haydom yatafika Longido mapema kuliko yalivyofika ya Harare. Mawaziri watakapokutana tena, hilo ndilo azimio la kupitisha, na la kutengewa fedha.